Hodi Tatu Kwenye Nyumba ya Tausi

Wageni wengi wa hoteli yetu walikuja Jinja kuona mahali Mto Nile unapoanzia. Wakishauona, na kwa kweli maji ni maji, huwezi kuyaangalia siku tatu, walirudi kwenye kaunta yangu kuniuliza mjini kuna nini kingine. Nilikuwa na jibu moja tu. Niliwanyooshea kidole langoni, alipokaa Afande.

Jina lake nalijua lakini sikuwahi kumwita kwa jina hilo, na sitaanza leo. Alikuwa mlinzi wetu, polisi aliyestaafu na cheo kidogo, na bado kila mtu alimwita Afande: Hajati mwenye hoteli, wanawake waliopandisha samaki kutoka Wanyange, hata maofisa wa kweli waliokuja kunywa chai kibarazani. Alivaa sweta la kazi lililotiwa viraka kwenye viwiko, na viatu vyake ungeweza kujitazamia ukapaka wanja. Chai aliinywa katika kikombe cha bati, tangawizi nyingi mpaka wengine tukapiga chafya. Kila aliporudi likizo kwao Busiu, aliniletea malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, na kila mara alinieleza upya jinsi ya kuyapika na karanga, kana kwamba mwaka uliopita nilikuwa nimeyatupa.

Ziara za nyumba za kale zilikuwa wazo la Hajati. Mtaa wetu ulijaa nyumba zilizojengwa na Wahindi zamani, zenye majina na miaka iliyochongwa juu karibu na paa, sakafu za vigae vya rangi na madirisha ya mbao ya kukunja. Miaka hiyo ya tisini wenyewe walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja kudai mali zao, lakini nyumba nyingi bado zilikuwa na wapangaji: fundi cherehani, walimu, familia tatu katika ukumbi mmoja uliogawanywa kwa pazia. Hajati aliona kwamba mgeni akishinda akitembezwa, atalala usiku mmoja zaidi. Akaandikisha kibao cha tangazo, akamkabidhi Afande kazi.

Hakujua alichojitakia. Afande alikuwa na sheria ya hodi tatu. Akifika na wageni wake mlangoni, aliwapanga mstari, akavua kofia, akapiga hodi. Akangoja kimya, akapiga ya pili. Akangoja tena, akapiga ya tatu. Asipojibiwa, alivaa kofia na kuwageuza watu wote. Haidhuru redio ilikuwa inaimba ndani, wala haidhuru mlango ulikuwa wazi na wageni wanayaona yale maua ya sakafuni waliyoyafuata kutoka ng'ambo.

"Nyumba ya mutu iko na hodi," aliwaambia. "Mutu akinyamaza, unarudi. Na hapana kasirika."

Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa mtaa wa Kimaka, sheria hiyo nililelewa nayo. Mama yangu angenifinya sikio kwa kuichezea. Nilishangaa tu kuikuta kwa Mkristo kutoka Busiu. Aliniambia alipoacha upolisi alipanga chumba Mbale, katika ua wa bibi mmoja wa Kiislamu, na yule bibi ndiye aliyemfundisha: hodi tatu, usipojibiwa rudi, na usinune. Alisema hayo yalimfaa kuliko mafunzo yote ya kambini.

Kulikuwa na upande wa pili wa sheria, nao ulimuumiza Hajati zaidi. Ukijibiwa "karibu", lazima uingie, na ukiambiwa keti, lazima uketi. Wapangaji wa mtaa ule walimpenda Afande kwa kuwa ndiye peke yake mwenye sare aliyewahi kupiga hodi kwao, kwa hiyo walimkaribisha kwelikweli. Nimeona Mjerumani aliyekwenda kupiga picha dari akirudi saa tisa mchana, ameshiba ndizi na karanga, amembeba mtoto wa fundi cherehani, na dari hakuiona.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mwongo wa tarehe. Nyumba ikiwa na mwaka usoni aliusoma kwa heshima, lakini ikikosa, aliipa mwaka wake, na mwaka huo ulipanda na kushuka kufuata uso wa mgeni. Aliyeonekana kuchoka alipewa nyumba ya kale zaidi ili achangamke. Nilipomkanya alisema nyumba nayo ni kama mzee wa kijijini, ukimnyima umri unamdharau. Alikuwa pia mbea. Mtu yule aliyeogopa kukanyaga kizingiti cha watu ndiye aliyejua nani amegombana na mkewe na kwa sababu ya nini, kwani sheria yake ilihusu milango tu, masikio hayakutajwa.

Kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya jiko tulichokiita makumbusho. Afande alikuwa amekijaza vitu alivyookota na kuombaomba mjini: pasi ya mkaa, cherehani isiyo na sindano, sahani za santuri, sanduku la bati lenye jina lililokwaruzwa. Kila kitu kilikuwa na hadithi, na hadithi ilikuwa ndefu. Isipokuwa kimoja. Juu ya rafu, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, kilikaa kibao cha duara cha kusukumia chapati. Mgeni akikiuliza, Afande alisema, "Hiyo ngoja kwanza," akaenda kwenye pasi. Alikipangusa kila Jumatatu. Mimi nilidhani ni cha marehemu mama yake.

Sasa nije kwenye nyumba ya tausi, maana ukimweleza Afande bila nyumba hiyo umeeleza viatu vyake tu.

Ilipakana na hoteli yetu, ukuta kwa ukuta. Juu ya mlango wake walikuwapo tausi wawili wa saruji, mmoja amevunjika shingo. Ilikuwa imepita mikononi mwa wengi, mwisho ikafanywa ghala la mahindi, na nilipoanza kazi ilikuwa tupu, imefungwa mnyororo, nyasi zimefika madirishani. Kila ziara ya Afande ilianzia hapo. Aliwapanga wageni, akapiga hodi tatu kwa nyumba iliyojulikana na kila mtu kuwa haina mtu, akangoja, kisha akawageuza. Wengine walicheka. Mimi nilicheka mwaka mzima.

Siku moja alikuja ofisa mmoja wa jeshi na pikapu na mafundi wawili. Alitaka ule mlango, mbao nzuri, akauweke nyumbani kwake. Afande aliondoka langoni kwetu, akaenda kusimama kwenye kizingiti. Hakuwa na kitu mkononi ila kikombe chake cha bati. Sote tulitoka kuangalia, na Hajati alianza kumwita arudi, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kusema baadaye kwamba aliita.

"Piga hodi kwanza, afande," Afande akamwambia yule ofisa.

Ofisa alicheka, akatutazama tuliokusanyika, akaona afanye mchezo. Akapiga hodi tatu kwa sauti ya paredi. Kukawa kimya.

"Umesikia mwenyewe," Afande akasema. "Hawajakukaribisha. Rudi, na hapana kasirika."

Mpaka leo sijui kilichomgeuza yule mtu. Labda ni watu tuliokuwa tunatazama, labda naye alikuwa na mama aliyemfinya sikio. Aliingia kwenye pikapu, akaondoka. Afande alirudi langoni, akamimina chai nyingine. Hajati alimtishia kumwachisha kazi, kwa sababu naye alikuwa akiitamani nyumba ile, avunje ukuta aongeze vyumba. Afande akamwambia na yeye akapige hodi. Hajati hakukwenda, na kazini hakumfukuza.

Jioni hiyo alinijia kwenye kaunta, akasimama mikono ubavuni kama anatoa ripoti, akanieleza. Alikuwa polisi kijana Wahindi walipofukuzwa nchini mwaka wa sabini na mbili. Alitumwa pamoja na wenzake nyumba ya tausi kuwatoa waliomo. Hakupiga hodi, alipiga teke. Walimkuta mama wa nyumba sakafuni jikoni anasukuma chapati, na binti yake mdogo ameketi kando. Mama hakulia wala hakubisha. Aliomba kitu kimoja, anawe mikono. Afande alimkatalia. Kwa nini alikataa hakujua. Alisema siku ile kukataa ndiko kulikuwa kazi. Yule mama akapanda gari na unga mikononi, vidole amevitanua asichafue nguo ya mtoto. Wenzake waliobaki nyuma waligawana redio na magodoro, naye akachukua kibao, akampelekea mkewe. Mkewe aliposikia kilikotoka alikataa kukiwekea unga hata siku moja.

"Mimi nataka kupiga hodi ile nyumba," aliniambia, "mutu wa mule ndani anijibu. Basi. Halafu hata nikifa."

Aliyataka maisha yake yote yafike hapo, na nilimwona amekaza uso, nikajua kwamba hatalegeza. Kwenye duka lililokuwa mbele ya soko alikuwa amerudi mzee mmoja wa Kihindi, na Afande alikuwa amekwisha kumpigia hodi hadi akapata anwani ya yule binti wa ile familia huko Uingereza. Kilichobaki ni barua. Kiingereza cha Afande kilikuwa cha kuandikia makosa ya baiskeli bila taa, kwa hiyo alitaka yeye aseme kwa Kiswahili, mimi niandike katika daftari kama alivyosema, kisha nikae niigeuze Kiingereza na kuituma.

Kila barua ilianza kwa maneno yale yale. Mimi ndiye polisi niliyeingia kwenu bila hodi. Mama yako alikuwa na unga mikononi, akaomba kunawa, mimi nikakataa. Kisha ndipo alipoeleza habari za nyumba: paa halivuji, tausi mmoja ameumia, mlango upo, njooni kabla watu hawajauchukua.

Niliyaandika daftarini yale maneno ya mwanzo. Katika Kiingereza sikuyaweka.

Niliona naokoa jambo. Nani atapanda ndege kuja kwa mtu aliyemfanyia mama yake vile? Nikawaza, waje kwanza, wamwone mzee alivyo, mengine yatajisema. Niliandika kwamba kuna mlinzi mwema anaitunza nyumba yenu na anawangoja. Nilifanya hivyo barua ya kwanza, na ya pili, mpaka ya saba. Ujanja wangu niliupenda, nisidanganye.

Barua ya saba ilijibiwa na mtu mwenyewe. Alifika asubuhi moja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, begi moja, akaniambia jina la familia lililochongwa chini ya tausi. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwao, cha mtoto aliyeondoka mapema, lakini kilikuwa hai. Aliuliza yuko wapi yule mlinzi wa barua. Afande akaja, na yule dada akamshika mikono yote miwili, akamwita mjomba.

Nilimwona Afande machozi yanamtoka waziwazi. Alidhani yule dada amesoma yote na bado amemshika mikono. Akasema, "Na mama, alisemaje juu ya ule unga?"

Dada hakuelewa. Akamuuliza unga gani. Hapo Afande akaachia mikono yake, akarudi hatua moja, akasimama wima, akayasema yote yeye mwenyewe mbele ya kaunta yangu, neno kwa neno kama yalivyo daftarini. Yule dada alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua begi lake na ufunguo wa ule mnyororo, aliokuja nao kutoka ofisi ya serikali, akatoka bila kumtazama yeyote.

Asubuhi iliyofuata Afande alivaa viatu vilivyong'aa kuliko siku zote, akaenda nyumba ya tausi. Mnyororo ulikuwa umeondolewa na madirisha yamefunguliwa. Sote tulisikia fagio likifagia ndani. Akavua kofia, akapiga hodi. Fagio likanyamaza. Akapiga ya pili. Akangoja sana, akapiga ya tatu, na sauti yake haikuwa kubwa. Hakujibiwa. Alivaa kofia, akageuka, akaja moja kwa moja kwangu.

"Binti, ile neno ya unga. Uliandika?"

"Sikuandika, Afande."

"Barua ngapi?"

"Zote."

Heri angenitukana.

"Wewe ulipitisha mimi dirishani," alisema.

Wiki ile ile aliacha kazi, akarudi Busiu. Alipoondoka nilikwenda chumba cha makumbusho. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kibao cha chapati. Nilikaa juu ya lile sanduku la bati nikalia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni.

Dada yule hakuuza nyumba. Alimjengea tausi shingo mpya, akaweka vitanda vya zamani na picha za familia, na wageni wetu wakaanza kupelekwa kwake. Mtembezaji mpya wa Hajati aliwaingiza kama kuku. Mimi nilipita mbele ya ule mlango kila siku kwa zaidi ya mwaka, daftari liko kwenye droo yangu. Siku moja nikaona nikiendelea hivi nitazeeka vibaya. Nikalichukua, nikapiga hodi, akanikaribisha. Nikamwambia kilichofanyika na nani alikifanya.

Alilisoma polepole, kwa sauti, kama mtoto wa shule. Alipofika kwenye unga alisimama, akafungua barua ya pili, akayakuta maneno yale yale, akafungua ya tatu. Alizifungua zote saba. Kisha akaniambia kwamba kule Uingereza mama yake hakuwahi kukanda unga bila kufunga mlango kwanza kwa ufunguo. Walikuwa wakimcheka.

"Siku ile sikumjibu kwa sababu nilifikiri alijificha ndani ya barua nzuri, akaja kusema akiwa ameshapokewa," alisema. "Mwambie aje."

Nikapanda gari la Mbale. Busiu nilishuka kwenye kituo cha biashara, nikaulizia, nikaonyeshwa njia katikati ya mahindi. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ua umefagiliwa mistari, na viatu vimeanikwa juani. Nikapiga hodi. Nilimsikia akikohoa ndani. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu.

Hakujibu. Nami nilijua la kufanya, tena bila kununa. Nilirudi mpaka Mbale mjini, nikalala kwa jamaa, na sikulala sana. Asubuhi nikarudi Busiu, jasho linanitoka, nikasimama palepale. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilinitoka nikiwa nimeshaanza kugeuza mguu.

"Karibu," alisema.

Alikuwa amekonda. Tulisalimiana kwa mulembe, salamu ya kwao, akanipa kiti. Nilimwomba radhi kwanza, nikamwambia nilimwona yeye mdogo kuliko ukweli wake, na kwamba huo ndio ukosefu wa adabu niliomfanyia. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikampa salamu za nyumba ya tausi. Akamfukuza jogoo aliyepita katikati yetu.

"Mimi nilipiga tatu," alisema. "Imekwisha."

"Mimi pia jana nilipiga tatu zikaisha. Leo umenijibu."

Aliinuka, akaenda mlangoni kutazama viatu vyake. Nilidhani nimemkosa. Halafu akauliza kama Jinja bado wanauza ile rangi ya viatu nyeusi, ya kopo, kwa sababu ya Busiu haifai kitu.

Tulifika Jinja siku ya pili yake, saa nne asubuhi. Kwapani alikuwa na kile kibao katika kitambaa chake cheupe. Hajati alitoka kibarazani, na mtembezaji mpya, na fundi cherehani na wanawe, lakini Afande hakumtazama mtu. Alisimama chini ya tausi wawili, akavua kofia, akapiga hodi.

Kutoka dirishani ilikuja harufu ya chapati.

Akapiga ya pili. Nilikuwa nyuma yake, nikaona mgongo wa sweta lake ukipanda na kushuka.

"Karibu," sauti ikasema kutoka jikoni. "Lakini ngoja kidogo, mjomba. Nanawa mikono."

Tulisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Hakuharakisha, aliyamimina tena. Afande alikiweka kibao kifuani, akakishika kwa mikono miwili.

"Nawa, mama," alisema. "Nawa pole-pole. Mimi niko hapa."

Akangoja.